MLEMAVU WA AKILI NAYE HUUGUA: TUSIMWACHE BILA TIBA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.



Katika toleo hili nimeona nizungumzie watu ambao wapo katika mitaa yetu ya Mhunze na katika vijiji vya Kishapu, lakini ni nadra kusikia wakitajwa kwa wema. Nao ni ndugu zetu wenye ulemavu wa akili. Kwamba wapo, na kwamba tuwahurumie, hilo limekwisha kusemwa mara nyingi misikitini na shuleni. Ninalotaka kulisema ni lile ambalo wengi wetu hatulifikirii kabisa: mtu mwenye ulemavu wa akili anaweza pia kuugua ugonjwa wa akili, kama mtu mwingine yeyote. Anapougua ana haki ya kutibiwa, na tiba hiyo inapaswa kuanzia hapa hapa anapoishi, mikononi mwa watu wanaomjua.

HALI MBILI TUNAZOZICHANGANYA

Watoto mtaani wana neno moja tu, "chizi". Humwita hivyo yule kijana ambaye tangu utotoni amekuwa mzito wa kuelewa, na humwita hivyo hivyo yule mwalimu au mfanyabiashara aliyekuwa mzima kisha akaanza kusikia sauti zisizokuwepo. Watu wazima nao hawana nafuu. Wanasema taahira, zezeta, punguani, bila kutofautisha.

Ukweli ni kwamba hizi ni hali mbili. Ulemavu wa akili, ambao wengine huuita mtindio wa ubongo, huanza mtu akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au utotoni. Mtoto huchelewa kukaa, kutembea, kusema na kujifunza, na akikua hupata taabu katika mambo kama kuhesabu fedha, kujilinda na hatari au kupanga shughuli za siku yake. Hali hii si homa ambayo leo ipo na kesho imeondoka. Mtu huishi nayo maisha yake yote, naye hujifunza mengi akifundishwa taratibu na kwa kurudiwa.

Ugonjwa wa akili ni kitu kingine. Huo humjia mtu yeyote, awe msomi au asiyejua kusoma, na hubadilisha namna anavyojisikia, anavyofikiri na anavyotenda. Ipo sonona, ambayo ni huzuni nzito isiyoondoka. Upo wasiwasi uliopita kiasi. Upo pia ugonjwa wa kuona na kusikia yasiyokuwepo. Haya ni maradhi, na mengi yake yana dawa na matibabu ya mazungumzo yanayosaidia.

Sasa ndugu msomaji, zingatia hapa. Hali ya kwanza haimkingi mtu na ya pili. Tafiti zilizofanywa katika nchi nyingi zinaonyesha kuwa watu wenye ulemavu wa akili hupata maradhi ya akili kuliko watu wengine, si kidogo kuliko wao. Na si ajabu. Wengi wao wana kifafa pia. Wengi wametukanwa na kuchekwa tangu utotoni. Wengi hawana rafiki hata mmoja. Baadhi yao hudhalilishwa na watu waovu wanaojua kwamba mtu huyo hawezi kujieleza, na akijieleza hataaminiwa. Moyo gani wa binadamu utabeba hayo yote usiugue?

NENO LINALOZIBA TIBA

Tuchukue mfano. Yupo kijana wa miaka 20 mwenye ulemavu wa akili. Hajui kusoma, lakini kila asubuhi huchota maji, huwapeleka mbuzi malishoni, na humsalimia kila anayepita njiani. Mama yake anafariki. Siku ya mazishi anafungiwa ndani kwa jirani ili asisumbue. Hakuna anayemweleza mama amekwenda wapi. Baada ya miezi miwili kijana haogi, hali, halali usiku, na amekuwa akijigonga kichwa ukutani.

Watu wanasema nini? Wanasema, "Uchizi umemzidi." Wengine wanasema, "Ndivyo alivyo tangu kuzaliwa." Lakini sivyo alivyokuwa! Alikuwa anaoga, anakula na anachunga mbuzi. Kama kaka yake aliyemaliza kidato cha nne angeacha kula miezi miwili baada ya kufiwa, ukoo mzima ungekutana. Wangesema ana huzuni, wangemkalisha, wangempeleka hospitali. Huyu hapewi hata jina la ugonjwa wake, kwa sababu ulemavu umelifunika.

Maneno hayo mawili, "ndivyo alivyo", ndiyo yanayoziba tiba. Husemwa nyumbani na wakati mwingine husemwa hata na mhudumu wa afya. Mgonjwa akifikishwa amevimba jino, au sikio linatoa usaha, au hajapata choo siku sita, naye hawezi kusema panapomuuma, hupiga kelele au hung'ata mkono wake. Anayemtazama haraka huona "uchizi", kisha humwandikia dawa ya kumtuliza. Jino linabaki pale pale. Dawa za kutuliza zina mahali pake na madaktari wanazitumia kwa elimu, lakini si kila kelele ni ya kuchomwa sindano. Kwanza aulizwe mwili, kisha maisha yake, ndipo ifuatie akili.

DALILI ZA KUANGALIA

Kanuni yake ni nyepesi, na hata mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kuishika: usimlinganishe na watu wengine, mlinganishe na yeye mwenyewe alivyokuwa. Ukiona mabadiliko haya, ujue kuna jambo:

(i) Alikuwa analala vizuri, sasa halali. Au analala mchana kutwa.

(ii) Ameacha chakula, au anakula kupita kawaida yake, na mwili umebadilika.

(iii) Kazi na michezo aliyoipenda ameiacha.

(iv) Analia, anajipiga, anajing'ata au anawapiga wengine, na hapo awali hakuwa hivyo.

(v) Anamwogopa mtu fulani au mahali fulani ghafla. Hili lichukuliwe kwa uzito mkubwa sana, maana huenda ametendewa ubaya.

(vi) Anazungumza na wasioonekana, au anaziba masikio pasipo na kelele.

(vii) Anaanguka degedege, au degedege alizokuwa nazo zimezidi.

Kuhusu kifafa niongeze neno. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hadi asilimia 70 ya watu wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu sahihi, na dawa zake za kawaida si za bei kubwa. Lakini dawa hizo zisikatishwe ghafla, kwani kuzikatisha huleta degedege mfululizo, na hizo zinaweza kuua. Pia dawa nyingine za kifafa humfanya mtoto awe mkali au asitulie. Mzazi akiona hivyo asiitupe dawa, arudi kwa aliyemwandikia amweleze.

KWA NINI TIBA IWE KARIBU

Wengi wakisikia maradhi ya akili hufikiria Mirembe, Dodoma. Hospitali hiyo ilianzishwa miaka ya 1920, enzi za Waingereza, na kabla yake Lutindi, katika milima ya Usambara, ilikuwa imekwisha kupokea wagonjwa wa akili enzi za Wajerumani. Hospitali hizi zimefanya kazi kubwa. Lakini kutoka Mhunze hadi Dodoma ni safari ya kutwa nzima, na mtu mwenye ulemavu wa akili akitolewa kwake ghafla, akawekwa kati ya watu asiowajua wanaozungumza lugha asiyoizoea, anaweza kurudi na hofu kubwa kuliko aliyokwenda nayo. Huenda anajua Kisukuma peke yake, na maneno yake mengine yanaeleweka na mama yake tu. Mjuzi wa ugonjwa wake ni daktari, lakini mjuzi wake yeye ni mtu wa nyumbani. Hawa wawili wakitenganishwa, tiba haipatikani.

Hili si wazo geni. Mwaka 1954 huko Abeokuta, Nigeria, Dk. Thomas Adeoye Lambo alianzisha mpango wa Aro, ambapo wagonjwa wa akili waliishi katika vijiji vya jirani na hospitali pamoja na ndugu zao, wakilima na kupata matibabu. Nchini kwetu nako, tangu mwisho wa miaka ya 1960, vilianzishwa vijiji vya kilimo vya kuwarudisha wagonjwa wa akili katika maisha ya kawaida, kama kile cha Hombolo, Dodoma. Katika miaka ya 1980 mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro ilikuwa ya mwanzo kujaribu kuziingiza huduma za akili katika zahanati na vituo vya afya. Shirika la Afya Duniani nalo lilianza mwaka 2008 mpango wa kuwafundisha wahudumu wa kawaida wa afya kutambua na kutibu maradhi haya, na mwongozo wake wa mwaka 2010 unataja pia watoto wenye ulemavu wa akili.

Taifa letu lina watu zaidi ya milioni 61 kwa sensa ya mwaka 2022, na madaktari bingwa wa akili ni wachache mno kuweza kumfikia kila mmoja. Hivyo basi, tukisubiri bingwa aje Mhunze, wengi watakufa wakisubiri. Njia iliyopo ni hii: jirani atambue, zahanati ipokee, hospitali ya wilaya itibu, na lililoshindikana lipelekwe hospitali ya rufaa ya mkoa au Bugando, Mwanza. Mgonjwa akirudi, jamii impokee na kuendelea naye. Kiungo cha kwanza na cha mwisho katika mnyororo huo ni sisi.

DINI INASEMAJE?

Yapo mafundisho matatu ambayo kila mwanafunzi wa madrasa yetu anapaswa kuyajua.

La kwanza. Imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba palikuwa na mwanamke ambaye akili yake ilikuwa na kasoro. Alimwendea Mtume (s.a.w.) akimwambia kuwa ana haja naye. Mtume (s.a.w.) alimwita kwa jina la heshima, mama wa fulani, akamwachia achague njia yoyote anayoitaka, kisha akasimama naye njiani hadi akamaliza haja yake. Tazama, ewe ndugu yangu. Kiongozi wa umma, mwenye majeshi na wajumbe wanaomsubiri, hakusema "huyu hajui asemalo". Hakumtafuta ndugu yake ajibu kwa niaba yake. Alimsikiliza yeye mwenyewe mpaka mwisho. Ukiwauliza wataalamu wa leo wanaotibu watu wenye ulemavu wa akili waanzie wapi, watakwambia waanze kwa kumsikiliza mtu mwenyewe, mahali anapojisikia salama, bila haraka.

La pili. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 5, tunaelekezwa kuhusu mtu asiyeweza kuisimamia mali: asikabidhiwe mali aiharibu, bali alishwe, avishwe, na azungumzwe naye kwa maneno mema. Wengi wetu tumefanya mawili ya mwanzo. Tumelisha na tumevisha. Hilo la tatu, la kuzungumza naye kwa wema, tumelisahau, na hilo ndilo linalohusu afya ya moyo wake.

La tatu. Tunafundishwa kuwa kalamu ya kuandika madhambi imeinuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni asiye na akili timamu. Baadhi ya watu huielewa hukumu hii vibaya, wakadhani mtu huyo hana hesabu katika jamii. Kalamu imeinuliwa kwake, haikuinuliwa kwetu. Tunayomtendea yanaandikwa.

Na waliotutangulia walilifanyia kazi jambo hili. Hospitali aliyoijenga Nuruddin Zengi mjini Damascus mwaka 1154, na ile ya Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka 1284, zilipokea wagonjwa wa akili pamoja na wagonjwa wa mwili, tena kwa mali ya wakfu. Kwa hiyo anayesema kwamba dua inatosha na hospitali ni ya wasio na imani, hasemi kwa elimu. Dua tunaomba na Qur'ani tunasoma, na Mtume (s.a.w.) huyo huyo aliyetufundisha dua ametuhimiza tutafute dawa.

AIBU NA USHIRIKINA

Mkoa wetu wa Shinyanga na jirani zetu wa Geita, Mwanza na Simiyu tunayo historia nzito ya ushirikina. Tumeona vikongwe wakiuawa kwa sababu ya macho mekundu, na katika miaka ya 2000 tukaona ndugu zetu wenye ualbino wakiwindwa, hata watoto wakakusanywa kulindwa katika shule ya Buhangija mjini Shinyanga. Imani ile ile iliyofanya hayo ndiyo inayosema kuwa mtoto mwenye ulemavu wa akili ni nuksi, ni laana ya ukoo, au baba yake "alimtoa" ili apate mali ya machimboni. Kwa hiyo anafichwa. Na anayefichwa hatibiwi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua.

Tuwaambie watoto wetu sababu za kweli. Mtoto akikosa hewa kwa sababu uchungu wa uzazi umechukua muda mrefu mno, ubongo huumia. Malaria kali, homa ya uti wa mgongo na manjano makali ya mtoto mchanga yanaweza kuuharibu. Mama mjamzito akikosa madini joto, mtoto anaweza kuzaliwa akiwa na upungufu, ndiyo maana tunahimizwa kununua chumvi yenye madini joto. Watoto wenye hali iitwayo Down, aliyoieleza Dk. John Langdon Down wa Uingereza mwaka 1866, huzaliwa hivyo kwa sababu ya kromosomu moja ya ziada, kama walivyobainisha Jérôme Lejeune wa Ufaransa na wenzake mwaka 1959. Hakuna jicho la mtu hapo wala mzimu.

Na kwa vijana wetu wanaokwenda machimbo ya Geita na Kahama: zebaki mnayochomea dhahabu ni sumu ya ubongo, na mtoto aliye tumboni ndiye anayeumia zaidi. Katika mji wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa sumu ya zebaki iliyoingia katika samaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, wapo watoto waliozaliwa na ulemavu mkubwa wa ubongo na viungo ilhali mama zao hawakuonyesha dalili kubwa. Zebaki isichomwe jikoni wala ndani ya nyumba, na mama mjamzito asiwe karibu nayo kabisa.

WANAOFUNGWA KAMBA

Nizungumze kwa uadilifu kuhusu jambo linalouma. Msimu wa pamba na mtama, wazazi wanakwenda shambani alfajiri. Nyumbani kuna mtoto mkubwa mwenye ulemavu wa akili ambaye akiachwa peke yake ataingia barabarani au atatumbukia lambo. Mama anamfunga kamba mguuni, au anamfungia ndani. Tukisikia hivyo tunamlaani mama. Lakini tujiulize, nani kati yetu aliwahi kumwambia mama huyo, "Dada, leo nenda shamba, mimi nitakaa naye"?

Kamba ni dhuluma, na sheria za nchi zinakataa udhalilishaji wa namna hiyo. Mtu anayefungwa kila siku huugua moyo, huwa na hasira, na hasira yake huwa sababu ya kufungwa zaidi. Lakini kamba haitafunguliwa kwa kumtukana mama. Itafunguliwa kwa zamu. Wasukuma tangu zamani wamekuwa wakilimiana mashamba kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Utaratibu huo huo tuutumie katika kuwaangalia wenzetu hawa, na mama naye apumzike, maana mlezi aliyechoka sana huugua pia.

NINI KIFANYIKE

Kwa wanafunzi. Kuanzia leo majina ya taahira na chizi yasisikike midomoni mwenu. Suratul-Hujurat imetukataza kuitana majina mabaya. Msalimie kwa jina lake. Ukiona anapigwa mawe au anachekwa, simama, na ukishindwa mwite mtu mzima. Ukiona amebadilika, mwambie mwalimu au mzazi wake. Wewe unayepita kwake kila siku unaweza kuwa wa kwanza kuona.

Kwa wazazi. Mtoto apelekwe zahanati mapema, na usichoke kusema mbele ya mhudumu: "Sivyo alivyokuwa." Eleza alivyokuwa, alivyo sasa, na mabadiliko yalianza lini. Omba atazamwe meno, masikio na tumbo. Akipewa dawa, uliza ni ya nini na lini irudi kuangaliwa. Ukifiwa, mweleze kwa maneno mafupi na ya kweli kwamba fulani amekufa na hatarudi; usimwambie amesafiri, atamsubiri. Mpeleke mazikoni, amshike mtu mkono.

Kwa viongozi wa misikiti na mitaa. Sheria ya Afya ya Akili ipo tangu 2008, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu 2010, nchi yetu ikiwa imekwisha kuridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu hao mwaka 2009. Mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Tuwaulize wahudumu hao wanapopita majumbani: je, mnamwuliza hali na huyu wa chumba cha nyuma? Sehemu ya sadaka ya Ijumaa itengwe kwa nauli ya kliniki, kwa kuwa wengi hukatisha dawa kwa kukosa nauli tu. Na katika hili tushirikiane na majirani zetu Wakristo, maana ugonjwa hauchagui msikiti wala kanisa.

Kwa madrasa yetu. Hapa nina pendekezo, nalo naomba kamati na wazazi mlijadili. Tuwapokee watoto wenye ulemavu wa akili mara tatu kwa wiki, saa mbili alasiri, na kila mmoja awe na mwenzake mkubwa wa kukaa naye. Wajifunze kutawadha, Suratul-Fatiha kidogo kidogo, kusalimia na kucheza.

Najua yatasemwa mawili. Litasemwa kwamba madrasa si hospitali na walimu si madaktari. Ni kweli, na hatutamtibu mtu. Lakini upweke nao ni sehemu ya ugonjwa, na kuuondoa hakuhitaji shahada ya udaktari. Mtoto anayeonekana mara tatu kwa wiki na mwalimu yule yule, akibadilika atajulikana ndani ya wiki moja, si baada ya mwaka. Litasemwa pia kwamba watoto wengine watapoteza masomo. Mimi naona watapata somo ambalo kitabuni hulisoma tu. Tunawafundisha huruma ya Mtume (s.a.w.) kwa ulimi, hapo wataifanya kwa mikono.

Ndugu msomaji, kabla hujafa hujaumbika. Ajali moja ya pikipiki katika barabara ya kwenda Shinyanga, au homa moja kali, inaweza kumfanya mwenye akili nyingi leo awe mhitaji kesho. Jamii tunayoijenga kwa ajili yao ndiyo tutakayoikuta sisi na watoto wetu.

Tunamwomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu, awape subira walezi wao, na atupe sisi macho ya kuwaona. Amin.

Wabillahi tawfiq.